Wazee wa Sapatu za Sufu

Kadyrkul hakuwa na gari, hakuwa na nyumba yake mwenyewe, hakuwa na mke tangu yule aliyemwoa arudi kwao Osh, hakuwa na magego mawili ya upande wa kushoto, na tangu mwezi wa Machi hakuwa na babu wa saba. Kazi alikuwa nayo. Alikaa kwenye meza ya pili kutoka dirishani, katika ofisi ya kampuni moja ya kusafirisha vifurushi karibu na uwanja wa ndege wa Bishkek, na kila mwezi, kabla siku ya saba ya kazi haijapita, aliandaa taarifa ya ushuru wa forodha.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Wamarekani walikuwa wamesema kwamba anayebeba vifurushi vya posta kwenda kwao ndiye atakayevitolea taarifa, na ndiye atakayevilipia ushuru. Kwa hiyo kampuni iliwatoza wafanyabiashara hapahapa, kisha ikaandika: vifurushi vingapi, vya thamani gani, na bidhaa imetoka nchi gani. Hilo la mwisho ndilo lililobeba kila kitu, kwa sababu ushuru hufuata nchi bidhaa ilikotengenezwa, hata ikiwa imetumwa kutoka kwingine.

Bidhaa iliyopita zaidi ilikuwa sapatu za sufu, zilizotengenezwa ng'ambo ya milima, kwa Wachina. Zililetwa kwa lori hadi soko la makontena, zikashonewa kitambaa chenye picha ya pembe za kondoo, pambo la Kikyrgyz, zikaandikwa Kyrgyzstan. Wafanyabiashara walitozwa ushuru wa bidhaa za Kichina, ambao ni mkubwa. Kampuni ililipa ule wa bidhaa za Kikyrgyz, ambao ni mdogo. Kilichobaki kilipanda ghorofani kwa wakubwa. Sahihi chini ya taarifa ilikuwa ya Kadyrkul.

Mwezi Machi, wino wa sahihi ya kwanza ulipokuwa haujakauka, mzee mmoja aliingia ofisini bila kubisha hodi. Alivaa koti la ngozi ya mbuzi na mabegani alikuwa na theluji, ingawa nje kulikuwa na matope tu. Kadyrkul alimtambua kwa masikio, maana yalikuwa yake mwenyewe. Alikuwa Tilep, baba yake wa saba kurudi nyuma, aliyekufa kabla Warusi hawajafika.

"Karibu chai, mzee," Kadyrkul alisema.

"Sina nafasi ya chai, mwanangu. Boksi langu lipi?"

"Boksi la nini?"

"Umeandika kwamba hizi sapatu ni za huku kwetu. Cha huku kwetu lazima kiwe na mzee wake. Hizi hazina, kwa hiyo nimeitwa mimi."

Alivua kofia, akaingia katika boksi la juu, akakunja magoti na kulaza shavu juu ya sapatu. Kadyrkul alilifunga kwa selotepu. Dada Gulsaira, msimamizi wa ofisi, alikuwa akipita na bilauri yake ya chai.

"Umepima upya?" aliuliza.

"Bado, dada."

"Pima. Uzito usioandikwa utatuletea maneno."

Mizani ilionyesha uzito uleule wa asubuhi. Boksi likaenda. Jioni ile, akiwa kwenye basi, Kadyrkul aliwahesabu baba zake kwa vidole kama alivyofundishwa utotoni, wakafika sita. Kidole cha saba kilibaki kimesimama.

Mtoto wa Kikyrgyz hufundishwa baba zake saba, kuanzia aliyemzaa, kabla hajafundishwa kufunga tandiko. Asiyewajua huulizwa kama aliokotwa. Aprili aliondoka Mambetkul, Mei akaondoka Kaltai, Juni akaondoka Berdike, ambaye alikuwa mnene na ilibidi watoe jozi nne ili atoshee. Dada Gulsaira aliirekebisha idadi kwenye karatasi kwa mkono wake.

Mwezi Julai ilifanyika karamu huko Kochkor, binamu yake Rysbek alipopata mtoto wa kiume. Kabla nyama haijagawanywa, wazee waliwazungukia vijana kuwauliza baba zao. Zamu ya Kadyrkul ilipofika, alisema, "Omurzak, Shambet, Toktorbai," akaishia hapo.

"Endelea, kaka," Rysbek alisema. "Au wengine umewasahau kwenye teksi?"

Watu walicheka.

"Wameenda Marekani," Kadyrkul alijibu.

"Kwa viza gani hiyo? Mimi nimenyimwa mara mbili."

Rysbek alimtajia waliobaki. Kadyrkul aliuona mdomo wa binamu yake ukifunguka na kufungwa mara nne, lakini hakusikia jina. Akaomba aandikiwe. Karatasi ilimfikia nyeupe. Mgawa nyama, ambaye humpa kila mtu mfupa wa heshima yake, alimpa ubavu katika sinia ya watoto. Baba yake, mzee Omurzak, alikuwa ameketi upande wa pili wa kitambaa cha chakula. Aliutazama ule ubavu muda mrefu, kisha akala nyama yake.

Jumatatu iliyofuata Toktorbai alipanda boksi. Mwezi Agosti alikuja Shambet, babu aliyemlea Kadyrkul na kumpakata juu ya farasi. Huyu alizunguka ofisi nzima kwanza, akigusa meza.

"Sapatu hizi namba ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na saba, babu."

"Za kike," Shambet alisema, akaingia.

Alibaki mmoja. Mzee Omurzak alikuwa na miaka sabini na minne, na figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Kadyrkul alimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu, akamngoja kwa saa nne, akamrudisha nyumbani amemshika mkono. Hakuwapo mwingine wa kufanya hivyo.

Mwezi Septemba Kadyrkul aliandika katika taarifa kwamba sapatu zimetoka China. Dada Gulsaira aliisoma akiwa amesimama, akairudisha mezani.

"Mdogo wangu, umechoka," alisema.

"Ndivyo ilivyo, dada."

"Najua ndivyo ilivyo. Lakini kule wataona za Machi hadi Agosti zinasema hivi, ya Septemba inasema vile. Watauliza zile sita nani alitia sahihi."

"Nilitia kwa kuambiwa."

"Kuna karatasi inayosema uliambiwa? Utafungwa. Na mzee wako nani atampeleka hospitali, mimi?"

Aliweka fomu mpya juu ya ile, akaenda kujaza bilauri yake.

Saa tisa mzee Omurzak aliingia. Alikuwa amekuja peke yake kwa teksi ya abiria wengi, amevaa koti lake la msikitini. Hakuna aliyekuwa amemwita.

"Boksi langu lipi?" aliuliza.

"Mtu hai hapokelewi posta, baba. Kanuni inakataza."

"Basi nitakaa hapa." Akakaa kwenye benchi la wateja. "Umeshatia sahihi?"

"Sitii."

"Wakikufunga utanisaidia nini?"

"Nitabaki mwanao."

"Utabaki mwanangu gerezani, na mimi kaburini wiki ya pili. Tia. Ile mashine haijawahi kuniuliza mimi ni baba wa nani."

"Nikitia sitakujua."

"Mimi nitakujua. Anatosha mmoja." Mzee alijifuta miguu kwenye mkeka, ingawa alikuwa ameshaingia. "Nipe chai kwanza. Halafu tia."

Kadyrkul alimpa chai, na mkate, na akamtazama akinywa mpaka bilauri ikaisha. Kisha akaandika Kyrgyzstan, akatia sahihi.

Alipoinua kichwa, kulikuwa na mzee kwenye benchi. Alikuwa mzee nadhifu, rangi yake si nzuri, na ameshika bilauri tupu kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee. Umehudumiwa?"

"Marahaba. Nimehudumiwa vizuri."

"Unamsubiri mtu?"

"Nilikuwa namsubiri mwanangu. Amemaliza kazi yake sasa."

Dada Gulsaira alikuwa amekwisha kuweka mezani fomu ya Oktoba. Kadyrkul alikunja taarifa mara tatu, akaitia katika bahasha ya mwakilishi wa kampuni huko Marekani, akalowesha gundi kwa ulimi na kuibana kwa kiganja.

"Nakwenda upande wa posta," mzee alisema, akisimama kwa shida. "Nikupelekee?"

"Utakuwa umenisaidia sana, mzee wangu."

Alimpa bahasha, akamfungulia mlango, akamwonyesha njia. Mzee aliivuka barabara polepole, akaitumbukiza barua katika sanduku la posta, akapiga mlango wa sanduku mara mbili kuhakikisha imeanguka.