Nafasi Moja kwa Profesa wa Nyuki

Wivu ulimshika dada palepale mezani, mama alipomkumbatia mdogo mtu kwa nguvu mpaka kilemba kikamdondoka. Chiriku, ndivyo walivyomwita nyumbani kwa jinsi mdomo wake usivyotulia, alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili kwa masomo ya uzamili. Dada, ambaye ugonjwa ulimchelewesha hadi yeye na mdogo wake wakamaliza shahada ya kwanza mwaka uleule, hakupata hata kimoja. Kwenye chuo kidogo cha mji wa jirani, kwa Profesa anayechunguza nyuki, aliambiwa asubiri: nafasi ni moja, na kuna mtu ameshapewa. Mtu mwenyewe ndiye Chiriku.

Chuo cha pili cha Chiriku kilikuwa kile kikubwa cha ng'ambo, chenye profesa anayeonekana kwenye televisheni.

"Dada, ungekuwa wewe ungekwenda wapi?" Chiriku alimuuliza chumbani, akitafuna ukucha.

"Ng'ambo. Hilo nalo la kuuliza?"

Alijibu haraka mno. Mwanafunzi mmoja aliyesoma huko alikuwa amemweleza kwamba profesa yule haonekani kwa wanafunzi wake. Kazi zao hukaa bila kusomwa mpaka wanakata tamaa. Dada alilimeza neno hilo. Chiriku akivuka bahari, nafasi ya nyuki itakuwa yake.

Basi nyumba nzima ikawa Chiriku, Chiriku. Mama, fundi cherehani, aliweka kando nguo za wateja akaanza kumshonea koti zito.

"Maskini mwanangu, vyuo viwili! Kichwa kitampasuka," alisema, pini amezibana midomoni, akimpima Chiriku koti. "Hebu ipige pasi hii bitana. Wewe huna la kufanya."

Huna la kufanya! Dada aliisukuma pasi kando.

"Mshoneeni tu! Huyo profesa wake wa televisheni hata wanafunzi wake hawajui! Wanaozea huko!"

Alitaka tu lile tabasamu la Chiriku lifutike, japo kidogo. Likafutika. Chiriku aliuliza nani kasema, akaomba namba ya yule mwanafunzi, akatoka uani kumpigia. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu ila sauti imetulia.

"Naenda kwa nyuki," alisema, akamwangukia dada shingoni. "Bila wewe ningejitosa. Asante, dada'ngu."

Dada alisimama kama gogo. Shukrani zile zilimchoma kuliko tusi. Nafasi ameitupa kwa mdomo wake mwenyewe, na bado anashukuriwa!

Chiriku alipotoka, mama alitema pini kiganjani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu majibu yalipokuja."

Mama alimtazama, akarudi kwenye cherehani yake.

Mwaka uliofuata dada alipata chuo kingine, akasomea magonjwa ya mimea, na akayapenda masomo yake kweli. Lakini hadi leo Chiriku akipiga simu kumsimulia mizinga yake ya nyuki na habari za Profesa, dada humsikiliza kidogo tu, kisha humwambia ana maji jikoni yanachemka.