Ujana wa Dada Tursunoy

Dada yangu Tursunoy alikuwa na miaka sitini na tatu, mimi hamsini na saba, lakini mgeni yeyote mjini kwetu Margilan alidhani mimi ndiye mkubwa. Mwaka ule mambo yakazidi. Ngozi yake ilinawiri, kifua kikajaa, magauni yake ya hariri yakaanza kumbana. Kwenye chai ya wanawake, mwenye nyumba alinishika mkono akanipeleka mahali pa heshima wanapokaa wazee, mbali na mlango.

"Pita huku juu, bibi. Tursunoy akae nasi vijana!"

Walicheka wote. Nyumbani mume wangu Ergash naye akaongeza: "Shemeji anarudi ujanani. Wewe unaelekea wapi?"

Siku moja nilimkuta Tursunoy uani akifua shuka. Maji yalikuwa mekundu.

"Dada, umejikata?"

Akatabasamu kama bibi harusi. "Siku zangu zimerudi, Muhabbat. Baada ya miaka kumi na miwili! Huu mwezi wa tatu. Usimwambie mtu."

Moyo uliniwaka. "Unameza dawa gani?"

"Simezi chochote."

"Mchoyo wewe! Tangu utotoni ulikuwa unaficha halua."

Kesho yake nikaenda kwa Daktari Zulhumor, nikamtaka anipe dawa aliyompa dada yangu.

"Sijampa dawa yoyote. Ya nini?"

Nikamweleza yote, kwa hasira: uso, kifua, damu. Akaweka kalamu chini.

"Damu, na ana miaka sitini na tatu? Mlete. Leo, si kesho."

Picha ya tumbo ilionyesha uvimbe mkubwa kama komamanga kwenye ovari ya kushoto. Daktari alisema uvimbe wenyewe ndio uliokuwa ukimwaga homoni za kike, mwili ukadhani umerudi ujanani. Tursunoy alijitazama kifuani, akaanza kulia. Nami nikalia, maana nilikuwa nimeuonea wivu ugonjwa.

Walimpasua katika hospitali ya Fergana, wakatoa ovari na kizazi. Ilikuwa saratani, ya aina inayokua polepole, na haikuwa imesambaa. Ila atapimwa damu miaka mingi.

Jamaa walipokuja kumwona, aliwaambia, "Mdogo wangu ndiye aliyeniokoa. Alikwenda kwa daktari kwa ajili yangu." Wakanimwagia dua hadi nikatafuta pa kujificha.

Walipotoka nikasema, "Dada, sikwenda kwa ajili yako. Nilikwenda kudai dawa."

"Najua. Daktari aliniambia ulivyokuwa umefura."

"Sasa mbona umenisifu vile?"

"Ili uone aibu, ukome." Akacheka, akashika mshono. "Usinichekeshe, mjinga wewe."

Kufikia vuli uso wake ulikuwa umenyauka, na joto la ghafla lilimfanya avue kilemba katikati ya mazungumzo. Nilimkandia unga, nilimfulia. Ijumaa moja Ergash alileta tikiti, akalipasua, kipande cha kwanza akampa yeye.

"Kula, shemeji. Bado unang'aa."

Wivu ukanichoma tena, pale pale. Nikanyoosha mkono nikachukua kipande changu mwenyewe.