Mlango wa Uani wa Mlenda

Bando la intaneti halijili lenyewe. Mwalimu Loisi alilinunua Jumatano jioni, la wiki nzima, akaliunga kwenye kompyuta moja tu ya maabara ya shule, akafunga mlango akaenda zake. Shule ilikuwa likizo, hakuna hata mlinzi wa kuchungulia dirishani. Alhamisi asubuhi anarudi, bando limekwisha lote. Mwingine angewatukana watu wa mtandao wa simu kisha akanunua jingine. Loisi akavuta kiti, akaanza kuichimbua ile mashine, kwa sababu ilikuwa inaendeshwa na Mlenda, na huo Mlenda ulikuwa jasho lake.

Mlenda huu si wa kula, ingawa jina ndiko lilikotoka. Ni mfumo endeshi wa kompyuta, yaani ile programu inayoiamsha mashine na kuzibeba nyingine zote. Aliuanzisha Nurdini, fundi kompyuta wa Majengo pale Dodoma, Mrangi wa Kondoa, mpole kupita kiasi, kwa ajili ya kompyuta chakavu zilizokataliwa na mifumo mikubwa. Wakauita Mlenda kwa kuwa unateleza hata kwenye mashine iliyochoka. Tena ulikuwa mfumo huria: msimbo wake uko wazi mtandaoni, yeyote ausome, autumie bure, aurekebishe, alete alichorekebisha. Waliojitolea walikuwa wachache, Loisi mmojawao, wametawanyika Dodoma, Kongwa na Singida, na sheria waliyokuwa nayo ni moja tu: hakuna toleo jipya linalotoka mpaka watu wawili walisome mstari kwa mstari na kutia sahihi.

Kufikia adhuhuri Loisi alikuwa ameshakiona kilichokula bando. Katikati ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo hakuna anayejisumbua kusoma, palikuwa na mistari michache iliyofungua njia kimyakimya, kama mlango wa uani ambao mwenye nyumba hajui kama upo. Anayeujua anaingia, anachukua anachotaka, anatoka. Akaangalia nani ameiandika. Sostenes. Akaangalia nani ametia sahihi ya pili. Nurdini.

"Mungu wangu," alisema peke yake.

Sasa jamani, tusimwonee Nurdini. Huyo Sostenes alikuwa nao mwaka wa pili. Alianza kwa kurekebisha vitu vidogo ambavyo kila mtu alivikimbia, akawa anajibu maswali ya wageni kwa upole, hachoki, hanung'uniki. Walikuwa hawajawahi kumwona. Kisha alfajiri moja mama yake Nurdini, Bi Mwamvua, akafariki, na taarifa ikawekwa kwenye kundi lao. Kabla ya alasiri mtu mrefu, mgeni, akashuka kwenye basi pale Kondoa, shati limelowa jasho, akauliza msiba uko wapi. Hakukaa kwenye kiti. Aliomba jembe, akachimba kaburi pamoja na vijana wa pale, akabaki hadi matanga yalipoanuliwa, akibeba maji na kuosha masufuria. Mkristo katika msiba wa Waislamu, na wazee wakamwita mwanetu! Loisi naye alikuwepo. Alimwona kwa macho yake, akampenda. Baada ya hapo, niambie wewe, nani angekuwa na uso wa kumwambia mtu yule, ngoja kwanza tuikague kazi yako? Nurdini akampa ufunguo wa kutolea matoleo, na sahihi ya pili ikawa ya heshima tu.

Lakini Loisi alikuwa na jambo jingine, ambalo kwenye kundi hakuna aliyelijua. Mdogo wake, Anna, alikuwa anachukua dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi kwenye zahanati moja nje ya Kongwa, kwa siri, kwa sababu mumewe, Baba Jordan, akikasirika hana breki. Siku akijua, Anna anatolewa nje na watoto wanabaki. Zahanati ile ilikuwa inatumia Mlenda. Loisi mwenyewe ndiye aliyewapelekea mashine, na Anna alipogoma kuingizwa kwenye kompyuta, Loisi ndiye aliyembembeleza hadi akakubali.

Basi alipanda bodaboda mbio hadi Majengo, akamkuta Nurdini dukani, bisibisi mkononi, akamfungulia ile mistari. Nurdini akaisoma, akairudia.

"Labda amekosea," alisema.

"Makosa hayajifichi, Kaka Nurdini. Hii imefichwa. Mnyang'anye ufunguo sasa hivi, halafu tutangaze watu wote wazime mashine."

"Mwalimu, yule mtu amechimba kaburi la mama."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi unajua. Hatumhukumu mtu bila kumsikia. Kwetu hata mwizi wa ng'ombe anaitwa kwanza kikaoni."

"Kaka, nakuomba. Kuna watu wataumia."

"Nani?"

Loisi akamfikiria Anna. Siri haikuwa yake. Alibaki kusimama pale amejaa hasira, huku Nurdini akitafuta namba na kuweka simu sauti ya nje.

"Shikamoo kaka," Sostenes aliitikia, sauti tamu kama kawaida yake.

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

Habari za nyumbani! Wakaulizana za nyumbani, za kazi, za mvua. Hatimaye Nurdini akakohoa. "Mdogo wangu, kuna kitu tumekiona kwenye toleo lako. Tungependa utufafanulie."

"Kaka, hayo si ya kwenye simu. Jumamosi nakuja, tukae tuongee ana kwa ana. Wasalimie watoto."

"Umeona?" Nurdini alisema, uso umemng'aa. "Mwenye hila angekata simu."

Loisi alitamani kumzaba kofi. Akatoka nje, akasimama kati ya magunia ya alizeti, akampigia Hilda, nesi wa ile zahanati. Hapatikani. Akapiga tena na tena. Kule mtandao huja na kuondoka unavyotaka. Jioni ndipo simu ikaita.

"Mwalimu, nami nilikuwa nakutafuta," Nesi Hilda alisema, analia. "Tangu mchana mashine imejaa maandishi mekundu, haifunguki. Wanasema wana taarifa za wagonjwa wote. Tuwalipe, ama watawafuata wagonjwa wenyewe. Nimwambieje mganga mkuu?"

Loisi akakata simu. Alimpigia Anna, na simu ya Anna ilikuwa imezimwa, kama inavyozimwa kila mumewe anapokuwa nyumbani.

Ijumaa ufunguo wa Nurdini ukakataliwa. Sostenes alikuwa ameshawafungia wote nje ya Mlenda wao wenyewe. Kundini wakaanza kutupiana lawama; mmoja akaandika kwamba Nurdini amekula njama, mwingine akamtukana, kisha wakaanza kutoka mmoja mmoja, bila kuaga. Kufikia jioni walikuwa wamebaki wawili tu, Nurdini na Loisi.

Na Jumamosi, amini usiamini, Nurdini akamwambia mkewe Munira apike pilau. Mkeka ukatandikwa. Loisi alikwenda kwa sababu hakujua aende wapi kwingine. Wakakaa kibarazani, chakula kikapoa, na simu ya Sostenes haikuwa hewani.

"Labda basi limeharibika njiani," Nurdini alisema.

Loisi akamtazama, hasira yote ikamwisha, akabaki anamwonea huruma tu. Mtu mzima yule alikuwa anajizuia kulia.

Hapo simu ya Loisi ikaita, namba ngeni. Ilikuwa Anna, ameazima simu ya mama muuza nyanya, stendi ya Kongwa.

"Dada, Baba Jordan ametumiwa meseji. Ina jina langu, ina dawa ninazokunywa. Eti nitume pesa."

"Imefikaje kwake?"

"Wakati ananiandikisha nesi mimi nilikuwa sina simu. Akataka namba, nikataja ya Baba Jordan."

"Watoto wako wapi?"

"Amebaki nao. Amenitoa na khanga hii niliyovaa."

"Anna, nisikilize mdogo wangu. Kuna mtu ameingia kwenye mfumo, ameiba..."

"Mtu gani?" Sauti ya Anna ilikuwa shwari, na hilo ndilo lililomtisha Loisi. "Unamfahamu?"

Loisi angeweza kudanganya. Alimtazama Nurdini, ambaye bado alikuwa ameikodolea macho barabara.

"Namfahamu," alisema. "Ni mwenzetu."

Simu ikakatika. Loisi akapiga palepale, akapokea mama muuza nyanya, akamwambia yule dada amerudisha simu, ameshukuru, ameondoka, na hakusema anaelekea wapi.