Kimya cha Bibi

Fundi hakuwa mtu wa kuvumilia kimya. Miaka kumi na moja katika chumba cha kurekodia cha redio ilimfundisha kwamba kimya hewani ni aibu. Mtangazaji akimeza mate, anakata. Mgeni akisita, anakata. Kazi yake safi, hakuna ubishi, ila mkono ukishazoea kukata hauulizi tena unakata nini.

Basi mama yake alipoanza kumrekodia hadithi mjukuu wake wa miaka sita, aliyehamia mbali pamoja na wazazi wake, Fundi akajitwika kazi ya kuzisafisha kabla ya kuzituma. Mtoto mwenyewe, binti wa kaka yake, walimwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake usiojua likizo. Bibi alisimulia jikoni, simu ikiegemea chupa ya chai. Alisema, "Sungura akabisha hodi," akanyamaza akiitazama simu, kisha akaendelea. Jioni Fundi aliviondoa vipande vyote vya kimya kwenye kompyuta. Hadithi ya dakika kumi na mbili ikabaki saba, imenyooka kama taarifa ya habari. Akajiona mtoto mwema kupindukia.

Wiki ya tatu Kasuku akaacha kuomba hadithi. Siku mbili Bibi alishinda akiikagua simu. Siku ya tatu akaisukuma simu mezani.

"Chukua simu yako, mwanangu. Mtoto kanichoka. Wala simlaumu, huko kuna katuni."

"Mama, usiseme hivyo."

"Sasa niseme nini? Sina kingine cha kumpa. Siwezi kumsuka nywele, siwezi kumwogesha. Nilibaki na mdomo tu."

Yalimchoma Fundi maneno hayo, akalala nayo. Kesho yake mchana akampigia kaka yake simu, akaomba kuongea na Kasuku.

"Hadithi za Bibi hazikupendezi siku hizi?"

"Shangazi, kwani Bibi amenikasirikia?"

"Nani kakwambia?"

"Zamani, tukiwa huko, alikuwa ananisubiri. Akisema sungura kabisha hodi, mimi nasema karibu, ndiyo anaingia. Sasa anaingia tu. Hata nikisema haraka haraka siwahi."

Maskini Fundi, alitamani ardhi ipasuke immeze. Yale aliyoyafagia kama vumbi yalikuwa nafasi ya mtoto. Na yeye mwenyewe, utotoni, si alijibu vivyo hivyo, amejikunja ubavuni mwa mama huyu huyu? Alisahau vipi? Kazi ilikuwa imemla masikio.

Aliungama jikoni, macho chini. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akakunja uso, kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe nimelea mwizi. Mtu ananiibia pumzi zangu, halafu anajiita fundi."

Lakini alikuwa anajifuta machozi, na si ya kicheko peke yake. Alikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa mtoto. Jioni ile Fundi akazituma hadithi zote upya kama zilivyokuwa, na kikohozi cha Bibi, na birika linalochemka.

Jumamosi ikaja rekodi kutoka kwa Kasuku. Safari hii msimulizi alikuwa yeye. Sungura kapewa pikipiki, fisi kawa mwalimu mkuu, hadithi imevurugika haina mbele wala nyuma, na Kasuku anaivuta taratibu kwa mikogo ile ile ya Bibi.

"Akafika mtoni," akasema, "akamwuliza mamba: naweza kupita?"

Kisha akanyamaza.

Fundi alitaka kumkumbusha mama yake kwamba hii ni rekodi, mtoto hasikii. Bibi alikuwa ameshaiinamia simu.

"Pita, mjukuu wangu," akasema.

Kimya kikaendelea kidogo, halafu sauti ya mtoto ikasema, "Asante, Bibi."