Programu Mbili za Kahawa ya Mbinga

Kwii! Kizibo cha chupa ya chai kililia gizani, kikisukumwa na mvuke. Emerensiana akaruka kutoka kitandani kama aliyeitwa kwa jina. Alfajiri ya Mbinga mwezi wa saba haina mzaha. Baridi ilimng'ata vidole. Akamfunika vizuri binti yake Hilda, kisha akarudia kimoyomoyo maneno atakayomwambia mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Siku yenyewe imefika.

Ilikuwa hivi. Tangu wanunuzi binafsi wafunguliwe milango, kila msimu walipanda milimani na mizani yao, wakapima walivyopenda. Wakulima wakachoka, wakaunda kikundi chao cha kukusanya kahawa na kuipima wenyewe. Mchana Emerensiana alichambua punje mbovu za kikundi. Jioni, akiwa amemshika Hilda mkono, alikwenda darasa la kompyuta kwenye ukumbi wa parokia. Huko alijifunza lugha ya kompyuta iitwayo Visual Basic, akaandika programu ya kuweka kumbukumbu za mizani. Abdulkarimu naye, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, akaandika ya kupanga madaraja ya kahawa kwa kulinganisha uzito wa gunia na punje mbovu zake, kwa lugha nyingine, C#. Mwenyekiti, mzee Wendelin, akasema anataka moja tu, maana lugha mbili zitagombana. Kila mtu alijua itakayotupwa ni ipi. Ikitupwa, Emerensiana naye anabaki kwenye meza ya kuchambua punje.

Hakuwa na wa kumwachia mtoto, akaenda naye ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Hilda. Umekuja kuaga?"

Wakulima waliojaa kwenye mabenchi wakacheka.

"Nimekuja kuomba zote mbili zifanye kazi."

"Fahali wawili zizi moja?"

"Mzee, jana sokoni ulinunua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa yule mama wa Mbamba Bay. Yeye Mnyasa, wewe Mmatengo, kila mmoja na lugha yake. Mlipigana?"

"Tulipigania bei," mzee akajibu. "Tena kwa Kiswahili."

"Basi na programu ni hivyo hivyo. Ya kwangu na ya kaka Abdulkarimu, kila moja hutafsiriwa kwanza kuwa lugha moja ya kati. Halafu ndani ya kompyuta kuna kitu kama msimamizi. Yeye huichukua hiyo lugha ya kati na kuigeuza amri za mashine yenyewe, palepale zinapohitajika. Hugawa nafasi ya kumbukumbu, na kitu kikishatumika hukifagia. Programu ikitaka kufanya la hatari, huisimamisha. Hakuulizi ulizaliwa na lugha gani."

Abdulkarimu, aliyesimama karibu na kompyuta ya ofisi, akatikisa kichwa kukubali. "Anasema kweli, mzee. Ila sijaona mtu akijaribu hapa kwetu. Haya dada, tuone."

Jenereta likaunguruma. Gunia la mama Scholastica wa kijiji cha Ruanda likawekwa mizanini. Pale kikundini uzito haunong'onwi. Mpimaji hupaza sauti, mwenye mali asikie na majirani washuhudie.

"Arobaini na nusuuu!"

Emerensiana akaandika uzito kama ulivyoitwa, kama alivyozoea: 40 na nusu. Akabonyeza. Programu yake ikaiita ya Abdulkarimu, ilipe gunia daraja. Mara dirisha la kijivu likaruka kwenye skrini, limejaa Kiingereza, na kila kitu kikasimama.

"Imegoma!" mkulima mmoja akapaza sauti.

"Nayo imekula njama na mizani ya wanunuzi!" mwingine akadakia.

Mzee Wendelin akainuka, akifunga vifungo vya koti. "Imeanguka, dada," Abdulkarimu akasema taratibu, kwa huruma.

Emerensiana akakumbuka neno la mwalimu wake wa jioni: soma kosa kabla hujaliogopa. Akasogea, akasoma neno kwa neno. Kisha akacheka kwa sauti.

"Haijaanguka! Imesimamishwa!"

"Kuna tofauti?" mzee akauliza.

"Kubwa, mzee. Mimi nimeweka uzito kama maneno, vile unavyoitwa. Ya kaka Abdulkarimu inataka namba tupu. Msimamizi ameshindwa kuyageuza hayo maneno kuwa namba, akakataa kubahatisha. Angebahatisha, mama Scholastica angepoteza nusu yake hapa mbele yetu, wala tusijue."

Mama Scholastica akashika kiuno. "Basi huyo msimamizi ndiye ninayemtaka mimi! Wale wanunuzi binafsi nusu yangu hawakuiona hata siku moja."

Emerensiana alikuwa ameshaanza kuongeza mstari wa kugeuza neno nusu kuwa namba. Abdulkarimu akavuta kiti, akakaa kando yake.

"Ongeza na robo," akamwambia. "Wale wa kule Kingerikiti huita hadi robo."

"Nimeongeza."

"Na nafasi tupu kati ya herufi, mtu akiiacha kwa kujisahau."

"Wewe nawe! Nimeongeza."

Akabonyeza tena. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha skrini ikaandika jina la mama Scholastica, kilo arobaini na nusu, na pembeni, kutoka kwenye programu ya Abdulkarimu, daraja la kwanza.

Vigelegele vilisikika hadi stendi. Wazee walipeana mikono kama vile wao ndio walioziandika. Abdulkarimu alisimama juu ya benchi, akapiga makofi hadi viganja vikamwasha. "Zimesalimiana, jamani! Zimesalimiana!"

Mzee Wendelin akafungua tena vifungo vya koti. "Zote mbili zinabaki," akasema. "Na ofisi hii ya mizani, kuanzia leo, ni yako, mama Hilda. Punje watachambua wengine."

Emerensiana akainuka, akamshika mzee mkono kwa mikono yake miwili. Watu waliochelewa walikuwa wanasukumana mlangoni, wakiuliza kulikoni. Hilda alikuwa amepanda kiti kilichobaki wazi mbele ya kompyuta, miguu ikining'inia. Akawageukia.

"Mama yangu anafanya kazi hapa."