Baiskeli Isiyo na Siti

Sindano alivunjika kifandugu, na kama hujui kifandugu ni kipi, kaa chini kwa kishindo utakijua. Aliteleza kwenye ngazi za kiwanda cha uchapaji anakofanya kazi, amekumbatia maboksi mawili ya karatasi, akashuka vidato saba kwa makalio. Karatasi hazikupata hata mkunjo. Mfupa ndio uliounga vibaya, na daktari akamwambia atembee, akimbie, apande milima akitaka, lakini kukaa aache. Dakika tano kwenye mto laini, sawa. Siti ya baiskeli asahau.

Kumwambia Sindano asahau baiskeli ni sawa na kumwambia asahau jina lake, maana hata hilo la Sindano alipewa barabarani, kwa jinsi alivyokuwa akipenya katikati ya wenzake kwenye mteremko. Alikuwa mwanachama namba nne wa chama cha baiskeli, katika chama ambacho sasa kilikuwa na namba mpaka sitini, ingawa wanaokuja kweli hawafiki ishirini. Katibu wa chama, mwalimu wa lugha, alikwenda kumtazama hospitali na mfuko wa machungwa, akamwambia, "Dada, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Maneno matamu. Ngoja tuone ilikuwaje mhunzi alipokuja na koleo jipya.

Miezi kumi Sindano aliishi wima. Kazini alisimama kwenye mashine ya kukatia karatasi, kama siku zote. Nyumbani mumewe aliinua meza ya chakula kwa matofali, akala naye wakiwa wamesimama wiki tatu nzima, mpaka magoti yakamshinda, akarudi kwenye kochi kwa aibu. Kila alikokwenda watu walimsukumia kiti. Aliwakatalia kwa upole mwanzoni, na baadaye bila upole.

Kisha siku moja mteja akaleta tangazo lichapwe nakala mia mbili: anauza baiskeli ya kusimama. Picha ilionyesha chombo chenye magurudumu mawili madogo, usukani mrefu unaofika kifuani, na badala ya siti, hakuna kitu. Mtu anasimama juu ya vibao viwili virefu na kupiga hatua kama anayekimbia, ila miguu haigusi ardhi. Sindano alisoma tangazo lile mara tatu, akapiga simu. Lile tangazo halijachapwa mpaka leo.

Alijifunza nyuma ya kiwanda kwa mwezi mmoja. Alianguka mara nne, mara zote kwa ubavu, Mungu si mchoyo. Na asubuhi ile ya kwanza alipotoka barabarani, upepo ukampiga usoni na mnyororo ukaanza kuimba chini yake, alilia kilomita mbili bila kupunguza mwendo.

Sasa sheria ya chama ilikuwa hivi: mwanachama akikosa safari ya mwaka mara mbili mfululizo, anafutwa. Ya mwaka jana Sindano alikuwa amelala kifudifudi kitandani. Ya mwaka huu ilikuwa Jumapili, na Katibu alikuwa amekwisha kumtumia ujumbe kwamba hicho alichonacho ni kifaa cha mazoezi, hakiandikishwi. Kwa hiyo Alhamisi, saa kumi jioni, kikao kikaitwa kwenye ua wa fundi baiskeli, naye Sindano akaingia getini akiwa juu ya baiskeli yake, kichwa kikipita juu ya vichwa vyote, akafunga breki mbele ya Mwenyekiti.

"Karibu, dada," Katibu alisema. "Kaa."

"Nimekaribia," alisema Sindano, akabaki amesimama.

Mwenyekiti alikuwa dereva wa basi mstaafu, mtu wa busara aliyezoea kelele za abiria. Alisema kabla hawajahukumu, wajaribu. Mwenye macho haambiwi tazama, na mwenye miguu naye haambiwi, akanyage mwenyewe.

Wa kwanza kurukia alikuwa Kiwembe, kijana mwenye mbio kuliko wote, anayenyoa miguu ili upepo usimshike. Alizunguka mtaa mara moja akarudi jasho likimtiririka. "Shangazi," alimwambia Sindano, "mapaja yanawaka sehemu ambazo sikujua nina nyama. Na upepo unakukamata mzima, kama shuka kwenye kamba. Hii haina haraka."

"Haina. Lakini inafika."

Nesi wa zahanati, aliyekuwa na mgongo mbovu tangu zamani, alikwenda polepole, akakata kona pana kama lori, akarudi anacheka. "Nimeona ndani ya nyua za watu," alisema. "Na mgongo umenyamaza. Miaka mingapi huu mgongo haujaninyamazia."

Fundi mwenye ua hakupanda kwanza. Aliigeuza juu chini, akazungusha gurudumu, akasikiliza. "Mnyororo ni mnyororo," alisema. "Gia ziko. Breki ziko, nzuri kuliko zenu mnazoniletea zimekwisha." Alipopanda aliyumba mpaka kwenye rundo la matairi, akatoka humo, akapanda tena.

Hata Mwenyekiti alipanda. Alisema ni kama kurudi kwenye basi, unaona mbali, unajua mapema nani atakukatia njia. Mzee mmoja muuza viatu alisema hapana, mteremko unatisha, mtu yuko juu mno, akianguka anaanguka kutoka ghorofani. Mwingine alisema kinachomkera ni kwamba haina pa kupumzikia. Sindano aliwasikiliza wote, na hakuona ubaya hata kwa waliolalamika, kwa sababu walikuwa wanalalamika kama waendesha baiskeli wanavyolalamika, kwa miguu yao wenyewe.

Katibu peke yake ndiye aliyekataa kujaribu. Alifungua kijitabu cha sheria. "Baiskeli," alisoma, "ni chombo cha magurudumu mawili kinachoendeshwa kwa miguu."

"Basi," alisema Sindano. "Hesabu magurudumu. Hesabu miguu."

"Dada, lugha ina mambo yake. Anayekwenda kwa miguu anaitwaje? Mtembea kwa miguu. Wewe unapiga hatua. Unatembea. Tena ukitaka Jumapili utembee, wako wake zetu na watoto wanaofuata nyuma, nitakupa fulana yao."

Watu walicheka, na kicheko kile kilimchoma Sindano kuliko ngazi zote saba. "Na wewe, mwalimu, unaendesha kwa nini?" aliuliza. "Kwa masikio?"

Kicheko kikahamia upande wake. Fundi naye akadakia. "Mimi shule sina, lakini tunasema kupanda baiskeli, hatusemi kukalia. Mlima nao tunaupanda. Mwalimu, ushawahi kuona mtu anapanda mlima amekaa?"

Katibu hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alikuwa na hofu, na aliisema. "Leo hii, kesho ataingia mwenye ubao wa umeme, keshokutwa mwenye pikipiki aliyezima injini. Mlango ukishafunguliwa nani ataufunga? Dada tunampenda. Ndiyo maana napendekeza awe mwanachama wa heshima. Awe anakuja, anakaa na Mwenyekiti kwenye gari linalotubebea maji, anatupungia mkono."

Lilikuwa neno la huruma, na baadhi yao waliitikia kwa vichwa.

"Heshima hiyo mniwekee nikifa," alisema Sindano. "Mimi sijastaafu. Nimevunjika mahali pamoja tu, na si pale mnapopadhania. Mnanionea huruma kwa sababu siwezi kukaa. Nani alisema barabara ni ya waliokaa? Kama hamtaki niwe nanyi, nifuteni, ila mnifute mkinitazama usoni. Msinifute kwa kunipa kiti."

Mwenyekiti akasema ipigwe kura. Mtu mmoja aliuliza kama Sindano anaruhusiwa kujipigia, Mwenyekiti akajibu kwamba mwanachama ni mwanachama mpaka afutwe. Yeye Mwenyekiti hapigi. Walibaki kumi na saba. Katibu, kwa mazoea ya chama hicho tangu kianze, akatangaza: "Wanaosema chombo hiki si baiskeli, wasimame. Wanaopinga, wabaki wamekaa."

Watu walianza kuinuka, mmoja huku, mmoja kule, wakitazama viatu vyao. Muuza viatu alisimama. Kiwembe alisita, akasimama nusu, akakaa. Katibu alihesabu kwa kidole, akajihesabu na yeye mwenyewe, akaandika.

"Waliosimama, tisa. Waliokaa, wanane. Hoja imepita."

"Hesabu tena," alisema Nesi.

Akahesabu tena. Tisa. Kidole chake kilipita juu ya Sindano mara ya pili, naye Sindano akakiona kinavyopita, kikimweka kwenye kundi la wanaomfukuza.

"Mwalimu," alisema. "Mimi umenihesabu wapi?"

Katibu aliinua uso. Alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni, amesimama wima kando ya mashine yake, na hapo ndipo alipoelewa. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akajizuia.

"Sheria ya kura ni kukaa," Katibu alisema polepole. "Siwezi kukuweka kwa waliokaa na hujakaa. Kaa kidogo tu, dada. Sekunde moja, niandike. Tisa watakuwa upande wako, mambo yaishe."

Nesi alikwisha kukiburuta kiti chake, amekiwekea sweta lake juu likiwa limekunjwa. "Sekunde moja, dada," alimnong'oneza. "Nitakushika mkono."

Sindano alikitazama kile kiti. Sekunde moja angeiweza. Angeuma meno, angeshika mkono wa Nesi, na Jumapili ingekuwa yake. Rafiki zake wanane walikuwa wanamwomba kwa macho. Aliona pia kwamba akikaa sasa, atakuwa amewakubalia jambo lile lile alilokuja kulikataa, na kwamba kila mwaka kutakuwa na kiti kingine, na sekunde nyingine.

"Sikai," alisema.

"Dada, utapoteza kwa ubishi wako mwenyewe."

"Niondoe kwa waliosimama, maana sikusimama kwa hoja yako. Usiniweke kwa waliokaa, maana sitakaa. Sasa wamebaki wangapi?"

Ni Mwenyekiti aliyejibu, baada ya kukuna kidevu. "Nane kwa nane."

"Na kura zikifungana, kijitabu kinasemaje? Mimi ndiye niliyekikatia karatasi, lakini uandishi ni wako, mwalimu. Soma."

Katibu alifungua ukurasa wa mwisho. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisoma sawasawa, kwa sababu alikuwa mwalimu na maandishi aliyaheshimu hata yanapomgeukia. "Kura zikilingana, hoja imeanguka, na mambo yatabaki kama yalivyokuwa."

"Kabla ya hoja yako mimi nilikuwa nani?"

"Mwanachama namba nne."

"Niandikishe Jumapili."

Aliandika. Waliosimama walikaa mmoja mmoja, na Kiwembe, aliyekuwa amesimama nusu, alijifanya anafunga kamba za viatu. Katibu aliendelea kuandika muhtasari wa kikao, maana hakuna jambo lililowahi kupita kwenye chama kile bila muhtasari wake. Sindano alisogea, akasoma juu ya bega lake. Mstari wa mwisho ulisema: *Mwanachama namba nne aliombwa akae, akakataa.*

Katibu alimwona anasoma, akaisogeza kalamu juu ya sentensi ile. "Naweza kuiweka kwa lugha nzuri zaidi," alisema.

"Usiguse," alisema Sindano. "Iache hivyo hivyo, na hiyo nukta yake."