Wa Kuachiwa Mizabibu

Majirani waliambiwa tunakwenda kuonja mvinyo wa watu, wazee wawili tujifurahishe kidogo. Wakaamini. Fulbert, mume wangu, ana uso wa kuaminiwa hata anapodanganya. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kumwachia mizabibu yangu. Baba aliipanda kwenye mteremko wa juu hapa kijijini kwetu Chiroubles, Ufaransa, mwaka niliozaliwa, na leo nina miaka sabini na mmoja. Watoto wetu wako mjini Lyon, hawataki hata kuisikia. Goti langu limekwisha. Nilikuwa nimejiapiza kwamba simpi mtu ambaye sijaonja mvinyo wake.

Tulianza kwa Anselme Chavagnon, kule bondeni. Anayestahili sifa nitamsifu: yule bwana ana mkono wa mvinyo. Alivuta mvinyo kutoka kwenye pipa kwa mrija wa kioo, akanimiminia, na harufu ya cheri mbivu ikanifikia kabla sijainua glasi. Nikasahau kutema kama waonjaji wafanyavyo, nikameza.

"Huguette, mke wangu, amenyamaza," Fulbert akasema. "Andika tarehe, Anselme."

Nikamuuliza Anselme anafanyaje na mizabibu mikongwe.

"Vile vizee? Naving'oa, mama. Trekta haipiti."

Nikarudisha mvinyo uliobaki pipani, kama adabu ya huku inavyotaka, nikamwambia Fulbert awashe gari.

Kwa kina Perrachet, kaka na dada, ndiko nilikoona wivu hasa. Mvinyo wao ulianza mgumu, umejifunga, kisha ukafunguka kinywani taratibu, na ladha yake ikakaa mpaka tukamaliza mazungumzo. Miaka arobaini nimekitafuta kitu hicho, sijakipata. Niliwaambia hivyo hivyo, bila kuficha. Lakini nilipogusia habari ya kuongeza shamba, dada mtu alicheka sana.

"Tuna mikono minne tu, mama. Ukituongezea mstari mmoja utakuja kutuzika."

Wa mwisho alikuwa Sidonie, binti wa watu aliyekuja huku miaka miwili iliyopita. Hatukumjua, wala yeye hakutujua. Ana mapipa sita kwenye banda nyuma ya kanisa, na kucha nyeusi kama zangu. Mvinyo wake ulikuwa mwepesi, na safi kabisa. Ulikuwa na ladha ya mawe ya mlima wetu. Nilisimama na glasi mkononi nikifikiri, huyu mtoto kaupata wapi huu?

"Nani alikufundisha kupogoa?" nikamuuliza.

"Nawatazama watu, mama. Hata wabaya wanafundisha. Kuna mizabibu kule juu, chini ya msalaba wa mawe. Mizuri hiyo, sijaona mfano wake. Kila nikipita nasimama. Lakini anayeikata anaiua."

Fulbert akakohoa.

"Anaiuaje?" nikauliza.

"Anakata kutoka upande mmoja tu, hazunguki shina. Kwa nyuma anaacha matawi marefu, huku mbele anachimba vidonda vikubwa. Ama ni mvivu, ama hawezi kuinama. Kama hawezi, si aseme tu asaidiwe?"

Fulbert alicheka mpaka akashika pipa. Hapo binti akaelewa. Alibadilika rangi, akaweka mrija chini.

"Nisamehe, mama. Sikujua ni yako." Akaniangalia usoni. "Lakini unaikata vibaya."

Masikio yaliniwaka moto. Miaka yangu hamsini na tano kwenye ule mteremko, halafu huyu wa juzi anisomee kasoro zangu? Na kilichoniuma zaidi, alikuwa amesema kweli. Tangu goti liharibike sizunguki tena. Nilidhani hakuna aliyeona.

"Chukua mkasi wako," nikamwambia. "Panda gari."

Kule juu upepo wa Machi ulikuwa mkali. Nikamwonyesha shina la kwanza: kata. Alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Akapiga magoti kwenye changarawe, akakwangua gome kwa kidole kutafuta mti ulio hai. Sifichi, niliomba akosee. Akikosea ningerudi nyumbani na mizabibu yangu, nikafe nayo. Alikata mara tatu, akabakiza macho mawili ya kuchipua kila tawi, na lile shina likakaa wima kama Baba alivyokuwa akiliacha.

Akaenda la pili, la tatu. Kwenye la tano aliinuka, akajipangusa magoti.

"Niishie wapi, mama?"

Fulbert alitaka kujibu kwa niaba yangu, nikamzuia. Nikamwonyesha ukuta wa mawe kule chini, shamba linapokomea.

"Huo mteremko wote?"

"Wote. Na mwaka kesho pia, na mwaka unaofuata. Mimi nimeshakata vya kutosha."

Nililia, na sikugeuza uso. Sidonie akavua koti, akanivika mabegani, akaenda kwenye shina la sita.